Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kujitengenezea Zana za Karakana kwa Chuma Chakavu

Majibu haya yametokana na maswali ambayo vijana wanaofika kwenye karakana yetu ndogo mjini Morogoro huyauliza karibu kila wiki, pamoja na machache ambayo hawayaulizi ilhali wangepaswa kuyauliza kabla ya kushika grenda. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini fundi wa Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi atayakuta mambo yale yale kwake, isipokuwa majina ya vyuma yatakuwa tofauti kidogo.

Je, kuna faida ya kweli katika kujitengenezea zana, au ni kujichosha tu?

Inategemea zana yenyewe. Matindo (patasi za kukatia chuma), patasi za mbao, koleo za uhunzi, vibanio, kipindia nondo, meza ya kuchomelea, stendi ya grenda na presi ya jeki (fremu ya kusukumia beringi na pini kwa nguvu ya jeki) ni vitu ambavyo fundi mwenye subira hujitengenezea kwa gharama ndogo sana, na mara nyingi hupata kitu imara kuliko kile kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa kwa bei ya chini. Kwa upande mwingine, sikushauri upoteze muda kutengeneza tupa, biti za drili, spana wala zana za kupimia. Tupa ni kazi ya watu waliobobea kwa kizazi kizima, na rula iliyopindwa nusu milimita itakuharibia kila kitu utakachokipima nayo kwa miaka yote itakayofuata. Hizo nunua, tena nunua zile nzuri.

Nianze na zana ipi?

Anza na kitu cha kufulia chuma, yaani fuawe la aina yoyote, kisha koleo, kisha tindo. Mpangilio huu una sababu: kila kimoja kinakusaidia kutengeneza kinachofuata, na makosa utakayofanya katika koleo hayana gharama kubwa, kwa kuwa koleo likikaa upande bado linashika.

Chuma chakavu kizuri nikipate wapi?

Watu wengi hukimbilia yadi za skrepa, na huko ndiko ambako mtu asiyejua hupoteza fedha zaidi. Yadi hununua chuma kwa ajili ya viwanda vya kuyeyusha, ambako mzigo wote hugeuzwa kuwa nondo, kwa hiyo mwenye yadi hana haja ya kujua kama kipande ulichokishika ni springi ya lori au ni mguu wa kitanda. Kwake vyote ni kilo. Ukienda na macho yaliyozoea, ujinga huo ni faida yako. Ukienda bila kujua, ni hasara yako.

Kabla ya yadi, pitia sehemu nne. Ya kwanza ni gereji za malori, hasa zile zinazoshughulika na springi, kwa kuwa kila siku wanatoa majani ya springi yaliyokatika katikati, na jani lililokatika lina kila kipande cha chuma unachokihitaji. Ya pili ni karakana za wakerezaji, ambako mabaki ya shafti ya sentimita 10 au 15 hurundikwa chini ya mashine, na mkerezaji anaweza kukuambia bila kusita kipande hiki kilitoka kwenye kazi gani. Ya tatu ni mafundi wa mageti na madirisha, ambao hutupa vipande vya engo, chaneli na paipu za mraba. Hiki ni chuma laini, kinafaa kwa fremu na meza. Ya nne ni mashamba na viwanda vinavyofunga au kubadilisha mitambo, ingawa huko utakutana na taratibu za zabuni na utahitaji kununua kwa wingi pamoja na wenzako.

Kwa walio Dar es Salaam, eneo la Gerezani karibu na Kariakoo bado ni shule isiyo na ada: simama tu pale nusu siku uangalie mafundi wanavyochagua bati la pipa kwa kuligonga na kusikiliza. Nairobi hali ni hiyo hiyo Kamukunji na Gikomba. Mitaa ya viwanda vidogo ya SIDO, shirika la umma la kuendeleza viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ipo katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, na mafundi walio ndani yake huwa hawana choyo ya kueleza.

Napatanaje bei na mwenye yadi?

Uliza kwanza bei ya kilo anayouziwa na wakusanyaji, kisha bei anayouza kwa kiwanda, na ujue kwamba bei yako itakuwa juu ya zote mbili kwa sababu unachagua. Hilo ni haki yake. Kinachokera ni mizani. Nenda na mizani yako ndogo ya kuning'iniza, pima kipande kimoja mbele yake bila maneno mengi, halafu kipime tena kwenye mizani yake. Tofauti ikiwa kubwa, atarekebisha mwenyewe bila kuambiwa. Jambo jingine ni kutoonyesha furaha. Nimewahi kupaza sauti nilipoiona ekseli nzima ya trekta chini ya rundo la mabati, na kabla sijamaliza kuinama, bei ilikuwa imeshapanda maradufu.

Nitajuaje chuma hiki ni cha aina gani?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu lake fupi ni kwamba ukiulize chuma kilikuwa kinafanya kazi gani. Aliyetengeneza springi alihitaji chuma kinachopinda na kurudi, hivyo aliweka kaboni ya kutosha, kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na vionjo vingine. Aliyetengeneza nondo alihitaji chuma kinachokunjika bila kukatika, hivyo kaboni ni kidogo. Reli ina kaboni ya asilimia 0.6 hadi 0.8 kwa sababu inasagwa na magurudumu. Tupa ina zaidi ya asilimia 1. Kaboni ndiyo inayofanya chuma kipokee matiko, yaani kiwe kigumu kikipashwa moto na kupozwa ghafla. Wazee walikiita chuma cha namna hiyo pua au feleji, na tofauti hiyo waliijua kabla ya maabara.

Kipande kisipokuwa na historia, kipime kwa njia hizi. Kwanza pitisha tupa mpya juu yake: ikiteleza bila kuuma, chuma hicho tayari kimetiwa matiko, ikiuma kwa urahisi, ama ni laini, ama ni cha kaboni kilicholainishwa. Pili, weka sumaku: chuma kisichoshika kutu mara nyingi hakivutwi, na alumini haivutwi kamwe. Tatu, na hapa ndipo penye jibu, kiguse kwenye jiwe la grenda mahali penye kivuli na uangalie cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu ya njano iliyonyooka, yenye matawi machache mwishoni. Chuma cha kaboni nyingi hutoa cheche fupi zaidi zinazopasukapasuka kama vinyota, na kadiri kaboni inavyozidi ndivyo kichaka cha nyota kinavyojaa karibu na jiwe. Chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo) hutoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Biti ya drili hutoa mistari michache ya rangi nyekundu iliyokolea, karibu bila nyota.

Usijaribu kukariri maelezo hayo. Chukua kipande cha nondo, kipande cha springi na tupa iliyokwisha, uvining'inize kwa waya karibu na grenda, na kila unapokutana na chuma usichokijua, kilinganishe cheche zake na za hivyo vitatu.

Jaribio la mwisho hukata shauri: pasha moto ncha ya kipande kidogo mpaka sumaku isiishike, kizamishe kwenye maji, kibane kwenye jiliwa (vaisi), kifunike kwa kitambaa kizito, kisha kigonge. Kikikatika kama bakuli la udongo na kuonyesha chembe ndogo za kijivu, kinafaa kwa makali. Kikipinda, kiweke upande wa fremu.

Chuma kipi kinafaa kwa zana ipi?

Springi bapa za lori ni rafiki wa fundi anayeanza: zinafaa kwa matindo, patasi, visu vya kazi, panga na majembe ya palizi. Springi za mviringo zikinyoshwa hutoa vitobozi na matindo membamba. Ekseli za malori, zenye kaboni ya wastani, hufanya nyundo nzuri, kwa kuwa nyundo haihitaji ugumu wa kisu. Meno ya mashine za kuvunjia zege ni chuma bora kwa matindo mazito, ingawa kuyafua kwa mkono kutakutoa jasho.

Beringi zina chuma kizuri mno, chenye kaboni kama asilimia 1 pamoja na kromu, lakini ni kigumu kiasi kwamba kikigongwa kwa nyundo kikiwa baridi kinaweza kuruka vipande kama risasi. Tupa za zamani zinafaa kwa visu na vikwangulio, kwa sharti kwamba uzilainishe kwanza na kusaga meno yote mpaka yaishe, kwa sababu kila mfereji wa jino ni mwanzo wa ufa. Usitumie tupa ambayo haijalainishwa kama tindo wala kama nyenzo ya kubanjulia. Itakatika.

Je, nondo inaweza kuwa tindo?

Hapana. Inaweza kuwa koleo, ndoano, mguu wa meza au mpini wa jiliwa, na nondo ya milimita 12 ndiyo hasa tunayoitumia kwa koleo. Makali haishiki.

Naomba hatua za kutengeneza tindo la kukatia chuma.

Chukua kipande cha springi bapa chenye unene wa milimita 10 hivi. Kata ukanda wenye upana wa milimita 20 na urefu wa milimita 200, ukikata kwa vipindi ili usichome kingo. Ukiona rangi ya bluu inatambaa kutoka mahali diski inapopita, pumzisha. Saga kona nne za ukanda mzima kidogo, kwa kuwa kona kali itakukata kiganja kabla tindo halijakata chochote.

Washa jiko la uhunzi, na uweke ncha moja katikati ya mkaa, si juu yake. Ikifikia rangi ya chungwa, itoe na uifue juu ya fuawe mpaka iwe bapa polepole kwa urefu wa milimita 50 hivi, ukigeuza upande kila mapigo machache ili isipanuke kama mkia wa samaki. Chuma kikirudi kwenye wekundu wa damu ya mzee, acha kupiga na urudishe motoni. Springi inayofuliwa ikiwa imepoa hupata nyufa ndogo usizoziona, na utaziona baadaye siku tindo litakapogawanyika mkononi. Ukishapata umbo, pasha tena ncha mpaka sumaku isishike, kisha ifukie kwenye ndoo ya majivu makavu na uiache mpaka kesho. Asubuhi itakuwa laini kiasi cha kupigwa tupa. Inyooshe kwa tupa na usage makali kwa pembe ya nyuzi 60 hivi kwa kukatia chuma laini.

Sasa ni zamu ya matiko, na hapa fanya kazi jioni au ndani ya banda lenye giza kidogo, kwa sababu jua la saa sita hudanganya macho. Pasha milimita 40 za mwisho, ukigusisha sumaku mara kwa mara. Sumaku huacha kushika kwenye nyuzijoto 770 za Selsiasi, nawe unahitaji kuvuka hapo kidogo tu. Punje za chumvi ya mezani nazo husaidia, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 801: nyunyiza chache juu ya chuma, na zikiyeyuka, umefika. Zamisha milimita 25 za ncha kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa moto kidogo, ukipandisha na kushusha ili pasiwe na mstari mmoja mkali kati ya sehemu ngumu na laini.

Toa, futa mafuta, na usugue upande mmoja haraka kwa msasa mpaka ung'ae. Joto lililobaki kwenye sehemu ya nyuma litaanza kutambaa kuelekea makali, na utaona rangi zikipita moja baada ya nyingine: njano iliyofifia, kisha njano iliyokolea, kahawia, zambarau, halafu bluu. Zambarau inayoelekea bluu ikigusa makali, ambayo ni kama nyuzi 280, zamisha tindo zima. Usihangaike na kichwa; kiache laini. Kichwa kigumu humegeka na kurusha vigae usoni, ilhali kichwa laini huchanua tu kama uyoga, nawe unausaga uyoga huo kila unapoanza kuonekana.

Tindo la kwanza huchukua siku mbili. La kumi huchukua asubuhi moja.

Ncha ya tindo langu inamegeka, nimekosea wapi?

Uliizamisha mara ya pili mapema mno, rangi ikiwa bado njano. Ikiwa inapinda badala ya kumegeka, ama uliiacha ikapita bluu, ama haikupata joto la kutosha mwanzoni. Rudia matiko yote tangu mwanzo, kwani chuma hakichukii kurudiwa mara mbili au tatu.

Nitumie maji au mafuta, na je, oili chafu ya gari inafaa?

Springi hupenda mafuta. Maji huipoza kwa pupa na kuipasua. Mafuta ya kula yaliyotumika kukaangia chipsi, yakichujwa, yanatosha kabisa na harufu yake haina madhara zaidi ya kuwaletea majirani njaa. Oili chafu ya injini inafanya kazi, lakini imejaa masalia ya madini na viungo vya kemikali ambavyo hutoka na moshi, nami sioni sababu ya kuuvuta ilhali mafuta ya chipsi yapo.

Chombo kiwe cha chuma, chenye kifuniko cha chuma, kirefu kuliko kitu unachokizamisha. Mwaka wangu wa kwanza nilizamisha jani la springi kwenye ndoo ya plastiki iliyokuwa na mafuta lita tano. Ncha iligusa ukuta wa ndoo, ukayeyuka, na mafuta yakatambaa sakafuni yakiwa yanawaka kuelekea kwenye mlango. Tuliuzima moto kwa mchanga. Ndoo mbili za mchanga zimekaa karibu na jiko tangu siku hiyo, na haziruhusiwi kuchanganyiwa zege hata mchanga ukiisha.

Jiko la uhunzi natengenezaje?

Dramu ya breki ya lori ni bakuli lililokwisha kutengenezwa. Toboa au tumia tundu la katikati, funga paipu ya inchi mbili chini yake yenye kifuniko cha kutolea majivu, na upeleke hewa kwa feni ndogo ya umeme au kwa feni ya mkono inayozungushwa na gurudumu la baiskeli. Rimu ya gari nayo inafaa ikikandikwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu na mchanga. Mkaa wa kawaida unatosha, mradi uwe mzito na urundikwe kwa kina cha sentimita 15 au zaidi. Makaa ya mawe, kama yale yanayochimbwa Kiwira, hutoa joto zaidi lakini huacha mavi ya chuma yaliyogandamana ambayo lazima uyatoe kila saa.

Fundi anayeanza hudhani tatizo ni mkaa, kumbe mara nyingi ni hewa. Wahaya wa Kagera walilijua hilo mapema mno: mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha ushahidi kwamba wafua chuma wa magharibi mwa Ziwa Viktoria walizalisha chuma cha kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, katika tanuri ambalo mabomba yake ya udongo yaliingia ndani, hivyo hewa ya mivukuto ikapata joto kabla ya kufika kwenye moto. Sikuambii ujenge tanuri la namna hiyo. Nakuambia kwamba kabla ya kununua gunia la pili la mkaa, angalia paipu yako isije ikawa inavuja.

Je, kipande cha reli kinafaa kuwa fuawe?

Kinafaa sana, hasa kikisimamishwa wima ili pigo lipokelewe na urefu wote wa chuma. Tatizo si ubora, ni asili yake. Reli, mataruma ya chuma, nguzo na nyaya za umeme, vifuniko vya mitaro na alama za barabarani ni mali ya umma, na nchini Tanzania wanaokamatwa kwa kuhujumu miundombinu hiyo hufikishwa mahakamani kwa makosa ya uhujumu uchumi. Mnunuzi naye huhojiwa. Usinunue reli isiyo na karatasi za mnada au risiti halali, hata kama muuzaji ni binamu yako. Badala yake tumia uma wa foklifti uliokatika, sahani nene ya mtambo wa kuchimbia, au kichwa cha ekseli ya lori kilichosimikwa kwenye gogo. Vyote vinapatikana kihalali, na uma wa foklifti kwa maoni yangu unaishinda reli.

Sheria inasemaje kuhusu biashara ya chuma chakavu kwa ujumla?

Kenya ina sheria mahususi ya chuma chakavu ya mwaka 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni na atunze kumbukumbu. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kukosa umeme, serikali ilisimamisha biashara hiyo yote, na marufuku ikaondolewa Mei mwaka huo huo kwa masharti mapya. Mafundi wadogo ambao hawakuwa wameiba hata bolti moja walikaa miezi hiyo bila malighafi, jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha.

Kwako wewe unayenunua kilo 20 kwa mwezi, popote ulipo, jenga tabia tatu: chukua risiti, andika kwenye daftari tarehe na kitu ulichonunua, na usinunue kutoka kwa mtoto wala kwa mtu anayekuja usiku.

Vitu gani nisivikate kabisa?

Mapipa yaliyobeba petroli, thina au kemikali yasiyosafishwa, hata kama yamekaa mwaka mzima wazi, kwa kuwa mvuke hubaki kwenye mikunjo na cheche moja inatosha. Mitungi ya gesi ya kupikia, ambayo kwanza ni mali ya kampuni na pili ni bomu. Shokomzoba zenye gesi ndani, ambazo hupasuka zikipashwa moto. Vipande vilivyopakwa zinki, kama paipu za maji na mabati, visichomelewe wala kupashwa moto ndani ya banda: moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka kwa usiku mzima, na wanaosema maziwa yanatibu wanajidanganya. Transfoma ya oveni ya maikrowevu, ambayo watu huipenda kwa kutengenezea mashine za kuchomelea nukta, hutoa umeme unaoua kwa mguso mmoja, iache.

Kisha kuna kitu ambacho hakifanani na chuma kingine chochote: silinda nzito yenye pua, mapezi au pete ya shaba. Milipuko ya maghala ya silaha Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, ilitawanya mabomu kwenye makazi ya watu. Novemba 2017, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu liliua wanafunzi shuleni. Ukikiona kitu cha namna hiyo kwenye yadi au shambani, usikiguse, usikisogeze, waondoe watu na uwaite polisi.

Nataka kutengeneza presi kwa jeki ya lori. Fremu iwe na ukubwa gani?

Kwa jeki ya chupa ya tani 12, tumia chaneli yenye upana usiopungua milimita 100 kwa nguzo na boriti, na uruhusu mzigo ubebwe na bolti au pini zinazopita kwenye chuma, si na mchomeleo peke yake. Mafundi wengi hujenga presi nzuri kwa macho ambayo boriti ya juu imeshikwa na mistari miwili ya kuchomelea. Siku beringi inapogoma, mistari hiyo ndiyo inayong'oka. Weka bamba la chuma mbele ya sehemu ya kazi, funga springi mbili za kurudishia jeki, na usisimame mbele ya kitu unachokisukuma. Springi bapa isitumike kama sehemu ya fremu: ikichomelewa bila kupashwa joto kwanza, chuma kilicho pembeni ya mchomeleo huwa kigumu kama kioo na hukatika bila kuonya.

Naweza kuyeyusha alumini nyumbani?

Unaweza, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na jiko la mkaa hufika huko bila shida. Pistoni na vifuniko vya injini husubika vizuri kuliko makopo ya soda, ambayo huungua zaidi ya yanavyoyeyuka. Onyo moja tu: tone la maji likiingia chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha yote, kwa hiyo kalibu (umbo la kumiminia), koleo na vipande vya kuongezea lazima vikaushwe kando ya moto kwanza, na usimwagie kamwe juu ya sakafu ya zege. Tengeneza puli na mishikio. Masufuria usitengeneze, kwa sababu skrepa mchanganyiko huweza kubeba madini ya risasi (lead), na madini hayo huingia kwenye chakula.

Grenda inahitaji tahadhari gani zaidi ya miwani?

Usiondoe kinga ya diski, hata pale inapokuzuia kufika. Usikatie upande, usisagie kwa diski ya kukatia, na angalia kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya mashine. Diski zina tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye pete ya chuma ya katikati. Diski iliyoloa au kuanguka sakafuni itupwe.

Mpini niuweke wa mti gani?

Jina la mti si muhimu kuliko nyuzi zake. Pasua gogo badala ya kulikata kwa msumeno, ili nyuzi zinyooke kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha uuache mti ukauke kivulini kwa miezi kadhaa. Mkaratusi uliopasuliwa vizuri unatosha kwa nyundo, ilhali mbao laini ya fenicha huvunjika. Chonga kichwa cha mpini kiwe kinene kidogo kuliko tundu, kiingize kwa kugonga upande wa pili wa mpini huku nyundo ikining'inia, na kabari iwe ya mti mkavu kuliko mpini wenyewe. Ukitumia kabari mbichi, utaifuata nyundo yako kwa jirani.